Insha ya Kabula

Kinyooshi kilikuwa kofia nyepesi ya matundutundu, mfano wa chujio la nazi, na kilipovikwa kichwani hakikuuma wala kutoa sauti. Kilisoma kumbukumbu za mtu, kikachagua iliyofaa, kikaiondolea mikunjo, kisha kikaiandika. Waombaji wa kazi na vyuo jijini Mwanza walikuwa wameshasahau namna nyingine ya kuandika insha.

Asubuhi hiyo kilikuwa kichwani mwa Kabula Masanja, mhandisi wa kiwanda cha kuchambua pamba. Chuo cha biashara alichokiomba kilitaka jambo moja tu: "Eleza siku uliyowaongoza watu." Swali hilo lilikuwa limemsumbua wiki nzima. Kwa miaka mingi sasa aliongoza roboti, na roboti hazibishi, haziogopi, wala haziugui. Ilibidi arudi nyuma, enzi za kiwanda cha zamani cha Mwabuluda, siku pamba iliposhika moto ghalani.

"Kuna jambo lazima nikwambie, dada," alisema Levina, fundi wa kinyooshi. "Kumbukumbu ikishanyooshwa, ile ya mwanzo haibaki. Utakumbuka kama insha inavyosema. Vitu vidogovidogo vinafifia."

"Vidogo kama vipi?"

"Kigugumizi, woga, watu wa pembeni. Wengi hawavikumbuki hata wakitaka."

Kabula alikubali. Insha ilipotoka aliisoma akiwa amesimama, akaipenda. Ilimwonyesha akipaza sauti katikati ya moshi, akiwapanga wenzake, akiwatoa salama mmoja baada ya mwingine. Hapakuwa na neno la ziada.

Chuo kilimjibu kwamba amechaguliwa kwa usaili, na kwamba aje na maelezo ya shahidi mmoja aliyekuwepo siku hiyo. Kabula akamfikiria Nyanzobe, aliyekuwa naye zamu moja Mwabuluda. Jumamosi akapanda treni ya sumaku akamfuata.

Nyanzobe alimpokea mlangoni, akamkumbatia, akamkalisha jikoni ili waongee huku akisonga ugali. Waliongea yale ya zamani. Jinsi vumbi la pamba lilivyowaganda kichwani mpaka wasichana wa miaka ishirini wakafanana na bibi zao. Jinsi walivyochemsha viazi karibu na bomba la mvuke, mkuu wa zamu akajifanya hasikii harufu. Kabula alicheka mpaka akafuta macho. Kule alikokuwa akifanya kazi sasa hapakuwa na mtu wa kucheka naye.

Kisha akamsomea ile insha.

Nyanzobe aliacha mwiko ndani ya sufuria. "Nzuri," alisema taratibu. "Lakini Maduhu umemweka wapi?"

"Maduhu gani?"

Nyanzobe alidhani anataniwa. Alitabasamu, akasubiri, kisha tabasamu likamtoka. "Kabula, Maduhu. Aliyekufundisha kazi. Siku ya moto sote tulikuwa tunapiga kelele, wewe umeganda ukutani. Ni yeye aliyesema, 'Nyamazeni, Kabula anaujua mlango wa nyuma, tumsikilize Kabula.' Akakushika bega akakuleta mbele. Ndipo ukasema, na sisi tukakufuata."

"Halafu?"

"Halafu yeye akarudi kuzima umeme. Moshi ukamwingia. Alikaa hospitali mpaka akafariki. Ulimlilia kama baba yako mzazi, ulikataa kula, mimi ndiye niliyekulisha."

Kabula alitafuta kichwani mwake. Aliuona moto, aliuona mlango wa nyuma, alijiona mwenyewe akipaza sauti. Begani hakusikia mkono wa mtu.

"Simkumbuki," alisema. "Nyanzobe, hata sura yake siioni."

Nyanzobe alizima jiko, akavuta kigoda akaketi karibu naye. Hakumlaumu. Ugali ulipoa wakiwa wamekaa hivyo.

Jumatatu Kabula alikwenda kwa Levina. Fundi huyo alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema mtu aliyeachwa nje ya insha huweza kufutika kichwani kabisa, na hakuna chombo cha kurudisha kilichonyooshwa. Alisema kwa huruma, maana hakuwa mtu mbaya.

Siku ya usaili Kabula aliiondoa insha ya kwanza, akaweka aliyoiandika mwenyewe, yenye maneno yaliyofutwa na kuandikwa upya. Profesa Rugaimukamu aliisoma kwa utulivu.

"Bi Kabula, ile ya kwanza ilituvutia zaidi. Hapa unasema uliganda kwa woga, na kwamba mtu aliyekuita mbele humkumbuki. Tutajuaje kama ni kweli?"

"Nimesimuliwa na mwenzangu, maelezo yake ya shahidi haya hapa, na ninamwamini," alijibu Kabula. "Watu walinifuata kwa sababu yule mtu aliwaambia wanifuate. Kisha yeye mwenyewe akarudi kuzima umeme, na moshi ukamuua. Nikiwaambia niliongoza peke yangu, nitakuwa nimemzika mara ya pili."

Profesa aliandika maneno machache, akamshukuru.

Nafasi haikupatikana mwaka huo. Chuo kilimwandikia kwamba maelezo yake mawili hayakulingana, ila anaruhusiwa kuomba tena. Kabula alihuzunika, kwa kuwa alikitaka chuo kile kwa moyo wote, kisha akarudi kwenye roboti zake.

Lakini Jumamosi alipanda treni kwenda kwa Nyanzobe, na Jumamosi iliyofuata, na nyingine tena. Kila alipokwenda aliuliza jambo moja kuhusu Maduhu. Alitoka wapi, alikula nini, alipenda kumtania nani. Nyanzobe alijibu huku akichambua mboga, na Kabula alisikiliza kama mtu anayeletewa habari za ndugu aliyezaliwa mbali.

Siku moja aliuliza, "Alikuwa anachekaje?"

Nyanzobe aliweka ungo chini. Akafikiri, akainua kidevu, akajaribu kucheka kama yeye. Haikufanana, alisema mwenyewe, kicheko cha Maduhu kilitokea tumboni. Akakohoa kidogo, akajaribu tena.