Misumari Mitatu Isiyoshika Kitu

Saa mbili na robo asubuhi, Jumamosi, mwalimu mstaafu alifungua kabati la chumbani kwake akakuta bahasha ya hati ya nyumba haipo. Ijumaa saa nne asubuhi, kabla ya kwenda kliniki, alikuwa ameiona kwa macho yake mawili. Jumatatu alikuwa aipeleke kwa wakili.

Fundi wa kuta za bodi za jipsamu, mwanamke aliyezoeleka kwa jina la Mama Rula, alifika saa tatu akakuta mambo yamechacha. Yeye aliitwa kwa shughuli nyingine kabisa: vichwa vya misumari vilikuwa vinachomoza kwenye ukuta wa sebule na kupasua rangi. Lakini mkwe wa mwalimu, mke wa mwanawe, alikuwa kitini akilia bila sauti, na shemeji wa mwalimu, mdogo wa marehemu mumewe aliyeishi humo, alikuwa amesimama mlangoni mikono nyuma.

"Nimesema nilichokiona," shemeji alisema. "Jana saa saba mchana alirudi kutoka kazini, akatoka chumbani kwako mbiombio."

"Nilifuata chaja, Mama," mkwe alimwambia mwalimu. "Dakika kumi hazikufika. Dereva wa ofisi alikuwa ananingoja getini, mpigie umuulize."

Mwalimu alipiga. Dereva alithibitisha. Shemeji akasema dakika kumi zinatosha kabisa kubeba bahasha.

Mama Rula hakuwa mtu wa kuchungulia ya wenyewe. Alifungua mkoba, akaweka kiganja ukutani na kusukuma. Bodi ilirudi nyuma kidogo, kichwa cha msumari kikabaki nje.

"Hii ndiyo shida yako, Mwalimu. Nguzo za mbao humu ndani zilipigiliwa zikiwa mbichi. Zimekauka, zimesinyaa, zimeacha mwanya. Ukigongagonga kwa nyundo, baada ya miezi kitachomoza tena. Dawa yake ni skrubu mbili, moja juu ya msumari na moja chini, zishike nguzo sawasawa. Kisha msumari unazamishwa, unaziba kwa puti, unapiga msasa, unapaka rangi."

Alihesabu vichwa kumi na vinne. Kumi na kimoja vilikaa kwenye mistari iliyonyooka ya nguzo, sentimita arobaini kutoka mstari hadi mstari, na nyufa zake zilijaa vumbi la siku nyingi. Vitatu vya karibu na korido havikufuata mstari wowote. Alibonyeza puti iliyovizunguka. Ukucha ukaacha alama. Akalaza tochi ukutani ili mwanga upite ubavuni, na hapo kivuli chembamba cha mraba kikajitokeza, upana wa sinia.

Alizima tochi, akageuka.

"Mwalimu, nani alitengeneza hapa?"

"Hakuna. Labda fundi wa rangi. Alipita juzi kuchukua ndoo yake."

"Ya juzi ingekuwa imekauka. Hii ni ya jana. Wewe jana ulikuwa hapa?"

"Nilikwenda kliniki saa nne, nikarudi saa kumi jioni."

"Na kukata bodi, kurudisha kipande, kupaka puti na kugusia rangi, hata mimi nahitaji zaidi ya saa nzima. Kwa hiyo si mwenye dakika kumi." Alimgeukia shemeji. "Wewe ulikuwa wapi?"

"Kitandani, nimefunga mlango. Mgongo uliniuma kutwa."

"Umefunga mlango, ukamwona anatoka chumba cha mwalimu?"

Shemeji alirudi nyuma hatua moja.

"Misumari hii mitatu haishiki nguzo," Mama Rula aliendelea, taratibu. "Imepigiliwa hewani. Mtu aliitia ili kiraka chake kionekane kina ugonjwa uleule wa ukuta. Mwalimu, nikate?"

"Kata."

Kisu kilizunguka mraba. Kipande kilitoka kizima, na bahasha ikawa imesimama humo, imeegemea nguzo.

Shemeji alikaa chini. "Sikuweza kuichoma," alisema. "Ina saini ya kaka. Nilitaka Jumatatu ipite tu. Nilisikia unawaandikia wajukuu nyumba. Mimi ningekwenda wapi?"

"Ungeniuliza, ningekwambia," mwalimu alisema. "Nyumba ni ya wajukuu, na chumba chako ni chako mpaka mwisho wa uhai wako. Ndivyo nilivyomwambia wakili."

Mkwe alifuta uso. "Baba Mdogo, nimeapa asubuhi yote mbele ya ukuta huu. Ulikuwa unaniangalia."



"Asubuhi ulimpigia mwanangu huko safarini, ukamwambia mkewe ni mwizi," mwalimu alisema. "Mpigie tena. Weka sauti ya nje, sote tusikie."

Shemeji alibonyeza simu. Iliita mara nne.

"Baba Mdogo, vipi, imepatikana?"

"Imepatikana," shemeji alisema. "Mkeo hakuchukua kitu. Ni mimi."