Chungu Kilichorudi

Jua lilikuwa limeelekea ng'ambo ya ziwa Damari aliposhuka ufukweni na mtungi kichwani. Aliyemwona alidhani anakwenda kuteka maji, kama jioni zote. Kumbe ndani ya mtungi mlikuwa na kobe.

Kobe huyo alimpata gulioni. Siku hizo Wadachi walikuwa na boma lao ufukweni, lakini biashara ya vyungu ilikuwa ile ile ya mababu: mnunuzi anakijaza chungu nafaka, mfinyanzi anabaki na nafaka, mnunuzi anaondoka na chungu. Mgeni mmoja kutoka upande wa Bujonde hakuwa na nafaka. Alitumbukiza kobe kwenye chungu kikubwa, akachungulia ndani.

"Kimejaa," alisema.

Damari alicheka, akakubali. Watoto wangepata wa kucheza naye.

"Ndaga fijo, mama," mgeni alishukuru. "Ukija kuikataa bei, nitakirudisha chungu."

Basi kobe akaogeshwa kwenye mtungi wa maji ya kunywa, akalishwa kwa mikono ile ile iliyomega ugali. Mika, mwanawe, ndiye aliyempenda zaidi. Mika akaanza kuharisha damu, akazikwa kabla mvua hazijakatika. Majirani wakanong'ona kwamba nyumba ile ina mchawi mwenye chatu tumboni, wakafunga milango. Sasa tumbo lilikuwa limemshika Angetile, bintiye, mtoto pekee aliyesalia.

Andrea, mwalimu wa misheni, ndiye aliyethubutu kuingia. Alinusa mtungi, akakunja uso.

"Mnyama huyu anawaachia uchafu wake, nanyi mnaunywa. Mtupe, mama. Maji yote yamwage."

Mungu ambariki Andrea, alisema kweli. Ila habari ya ile bei hakuna aliyemwambia.

Pale ufukweni, Damari aliuinamisha mtungi, kobe akatumbukia ziwani. Chubwi... Ikapanda harufu ya matope yaliyooza. Nyuma yake, mtu akakohoa.

Hakugeuka. Alikimbia, mtungi ukamponyoka, ukapasuka juu ya mawe.

Nyumbani, Angetile alikuwa mkekani, midomo imekauka, macho yamedidimia.

"Mama... maji."

Mfinyanzi hulia gaeni, wahenga hawakukosea. Vyungu vilijaa nyumba nzima, vyote vibichi, havijaona moto, na maji yangeviyeyusha. Damari alikwenda kugonga kwa jirani.

"Mama Yakobo, kata moja tu. Mtoto ananifia."

Hakuna aliyejibu. Akarudi. Kizingitini akakanyaga majimaji. Nyayo za mtu mzima, zimelowa, ziliingia ndani.

Hazikutoka.

Kwaru... kwaru...

Kando ya mkeka kilikuwapo chungu kikubwa, maji hadi shingoni. Damari aliijua alama ya kidole gumba chake, pale alipokimalizia. Ndani yake, kobe alikuwa akikwaruza.

"Maji," Angetile alinong'ona. Sauti ilikuwa imebaki kidogo sana.

Giza lilikuwa limeshuka, na ziwani mamba walikuwa wamekwisha kusogea ukingoni. Damari alilia kwa kukosa la kufanya. Akimnyima, kiu ingemuua kabla ya kupambazuka. Akimpa... alimkumbuka Mika, na jinsi alivyokuwa mwepesi siku ya kumzika.

Kwenye kona, mtu akavuta pumzi.

"Kimejaa, mama," alisema taratibu.

Angetile akafumbua kinywa, akangoja. Damari akachukua kata, akachota.