Vidoko Nyuma ya Ubao

Basi la shule lilimshusha Sundus kwenye kona ileile ya mtaa wa International City, Dubai. Akapanda ngazi, akafungua mlango kwa ufunguo aliouvaa shingoni. Mama yake, Khairiya, alikuwa mtaa wa Deira akishona mabuibui, kwa hiyo mchana ulikuwa wake mwenyewe: kupasha wali, kuswali, kufanya hesabu. Nyumba ilikuwa na wapangaji kadhaa, na vyumba vilitengwa kwa mbao nyembamba. Ukipiga chafya hapa, kule unaitikiwa.

Siku hiyo vumbi lilikuwa limefunika jua na kuacha mwanga wa manjano dirishani. Kiyoyozi kilikuwa kimeharibika, na ngurumo yake ilipokosekana nyumba ikawa kimya kupita kiasi. Ndipo Sundus aliposikia kidoko, ulimi ukigonga kaakaa. Kikafuata kingine, kikavu, kama kijiti kinachovunjwa. Kisha kimya kirefu, kimya cha mtu anayesikiliza. Halafu vidoko tena, vimechanganyika na mnong'ono, kana kwamba vinajibu.

Sauti zilitoka chumbani kwa Annah, mpangaji mpya kutoka Tanzania, aliyelinda maduka usiku na kulala mchana. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Sundus akachungulia. Annah alikuwa ameketi kitandani, amegeukia ukuta, kanga imemfunika kutoka kichwani hadi chini. Hapakuwa na mtu mwingine. Annah akanong'ona, akangoja, kisha akacheka polepole kwa jambo ambalo hakuna aliyelisema.

Mwili ulimsisimka Sundus. Alikimbilia ngazini, akakaa hapo mpaka mama yake aliporudi. Hakumwambia kitu, maana alikuwa amekatazwa kuchungulia vyumba vya watu.

Kesho yake, ndani ya basi, alimsimulia Fortunate. Mama yake Fortunate, Dorcus kutoka Uganda, ndiye aliyekodi nyumba nzima na kuwapangisha wengine.

"Vidoko tu?" Fortunate akasema. "Hata mimi naweza."

Sundus aliona haya. Kwa bibi yake Lamu, vidoko ni vya kuendeshea punda. Kumfikiria punda kukamletea kwato, na hadithi za majini wenye kwato alizisikia tangu utotoni.

"Na miguu yake niliiona," akasema. "Ana kwato."

Fortunate akamsogelea ili asikie zaidi, na Sundus akafurahi.

Jioni habari ilikuwa imeshafika jikoni. Watu wa nyumba ile hawakuwahi kupatana hata juu ya rafu za friji, lakini siku hiyo walipatana. Dorcus alipaka mafuta ya maombi kwenye vizingiti, Khairiya akafungulia Kurani kwenye simu. Sundus naye, aliyejua vizuri kwato zile zilizaliwa wapi, akaanza kuziogopa. Kila ubao ulipolia, alikunja miguu juu ya kitanda.

"Khalas, imetosha," Dorcus alisema. "Mimi siwezi kulala na jini kwa nyumba yangu. Ijumaa atoke."

Ijumaa mchana Annah alifungasha, Dorcus na Khairiya wakimtazama kutoka sebuleni. Hakugomba. Alitoka na begi moja, akaketi karibu na mlango kuvaa viatu vya kazi, na Sundus akaiona miguu yake. Ilikuwa miguu ya mtu. Visigino vimepasuka, kidole gumba kina plasta, na nyayo zimevimba kwa kusimama usiku kucha.

"Unakwenda wapi, dada Annah?"

"Sijui, mdogo wangu. Nitakaa kwenye kituo cha metro mpaka zamu ianze. Ya kesho Mungu anajua."

Sundus angeweza kunyamaza. Mlango ungefungwa, na hakuna ambaye angejua.

"Mama," akasema, "sikuona kwato. Niliongeza."

Khairiya akageuka. "Uliona nini, basi?"

"Nilichungulia chumbani kwake. Nilisikia vidoko, na alikuwa anaongea na mtu ambaye hayupo. Hayo ni kweli."

Wote wakamtazama Annah. Yeye akatoa simu, akachomoa waya wa masikioni, akabonyeza. Sauti ya ajuza ikajaa sebule, nyembamba, yenye mikwaruzo, vidoko vikiruka katikati ya maneno. Kisha ikanyamaza, ikawa kama inangoja.

"Ni bibi yangu," Annah alisema. "Sisi ni Wasandawe, wa upande wa Kondoa. Lugha yetu ina vidoko, kama lugha za Wasani kule Botswana na Namibia. Alinitumia sauti hizi kwa simu ya mjomba nilipokuja huku. Mwaka jana akafariki. Hapa Dubai sina mwingine wa kuongea naye Kisandawe, kwa hiyo namfungulia, na akiuliza kitu namjibu. Naogopa ulimi wangu utasahau."

"Hapo anauliza nini?" Sundus akauliza.

"Anauliza kama nimeshakula."

Dorcus aliinamisha kichwa. "Nisamehe. Nimekufukuza na sijakuuliza hata neno moja." Akalichukua begi mwenyewe, akalirudisha chumbani.

Annah akaanza kuvua viatu. "Nyumba niliyotoka walinifukuza hivihivi," akasema. "Ila kule hakuna aliyesema kweli."

Khairiya akamshika bintiye bega. "Masikio yako yalisikia sawa, na macho yako yaliona sawa. Mdomo ndio uliotoa kisichokuwepo, nasi watu wazima tukakimeza bila kutafuna. Ukiogopa, mwanangu, sema ulichokiona, ukome hapo, kisha uulize. Jumatatu shule ikifunguliwa, utaanza kusema kweli ndani ya lile basi."

"Ndiyo, mama."

Wiki iliyofuata kiyoyozi kilikuwa bado hakijatengenezwa. Sundus alikuwa kwenye hesabu zake aliposikia sauti ya ajuza nyuma ya ubao, kwani Annah hakuvaa tena waya wa masikioni. Vidoko, maneno, kisha kile kimya cha kungoja. Annah hakujibu. Labda usingizi ulikuwa umemchukua. Kimya kikazidi kurefuka, na mikono ya Sundus ikasisimka kama siku ile ya kwanza.

Lakini safari hii hakukimbia. Alisogea hadi ubaoni, akajibu kwa Kiswahili, maana ndiyo lugha aliyokuwa nayo.

"Ameshakula, bibi," akasema taratibu. "Tumempa wali."