Mipira ya Mini ya Baba

"Mogire, weka hiyo spana chini!"

Nilipiga kelele, lakini ndugu yangu wapi! Alikuwa amepiga magoti kando ya Mini, gari la marehemu baba, katika gereji ya mchumba wangu Maroa hapa Migori, akisukuma ngumi kati ya gurudumu na madigadi.

"Baba alikuwa anapima vidole vitatu hapa," akafoka. "Leo ngumi nzima inapita! Huyu mtu ametupa mipira ya baba akaweka springi!"

Mini ya zamani kama hiyo haina springi. Inabebwa na mipira minne minene iliyofichwa ndani, mmoja kwa kila gurudumu, na ya baba ilikuwa imezeeka, gari limelala chini kama kuku anayeatamia. Mama alimpa Maroa, Mkuria niliyempenda miaka minne, sharti moja tu: "Binti yangu atatoka hapa kwa gari la babake, juu ya mipira, vile marehemu alivyolipenda. Ukiweka springi, tafuta mke kwingine."

Harusi ilikuwa iwe Jumapili ijayo. Asubuhi ya ugomvi huu Stanley, fundi mwenzake Maroa, ambaye nilimkataa mwaka jana, alinitumia meseji: "Nyakerario, pole. Mipira imemshinda Maroa, ameweka springi. Enda uone vile gari imesimama juu."

Nikamwonyesha Mogire. Mjinga mimi!

Maroa akatoka stoo akipangusa mikono. "Shemeji, hiyo ni mipira. Iko juu kwa sababu ni mpya..."

"Shemeji ya nani?"

Spana ikashuka. Nilisikia mfupa wa mkono ukivunjika. Maroa akaanguka juu ya ndoo ya oili, Mogire akampiga teke la mbavu, la mdomo, la mbavu tena. Na mimi? Badala ya kumshika ndugu yangu, niliinama nikamzaba mchumba wangu kofi akiwa chini.

"Miaka minne, Maroa! Ulishindwa kuniambia?"

Akatema damu. "Washa tochi ya simu. Angalia chini ya gari kwanza, halafu unipige tena."

Nikajitupa chini ya gari. Nikamulika gurudumu la kwanza hadi la nne. Mipira mieusi, mipya. Springi hata moja haikuwepo. Nilitamani ardhi inimeze.

"Mbona imesimama juu hivi?" nikauliza nikilia.

"Mpira mpya ni mgumu. Ukiendesha wiki kama sita, gari inashuka yenyewe. Muulize Stanley. Si yeye alinisaidia kuibana tukiingiza?"

Stanley alikuwa mlangoni, akitazama kila kitu.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Nilijua! Ulinikataa ukachukua huyu, sasa mchukue na kilema chake!"

Mogire alimrukia. Akambamiza ukutani mpaka rafu ya spana ikaporomoka, kisha akaanza kumkaba koo. Stanley alikuwa ameanza kugeuza macho.

"Mwachilie!" Maroa akapiga kelele. "Mkono mmoja umetosha!"

Hospitalini nikampigia mama simu, nikamweleza yote.

"Na wewe ulimpiga?"

"Kofi moja, mama."

"Hakuna harusi Jumapili. Mkono upone, gari lishuke. Na mwende kwao mkaombe msamaha mbele ya wazee wake, wewe na huyo ndugu yako."

Nikamgeukia Maroa. "Bado unanitaka?"

"Nina hasira, Nyakerario. Usiniulize leo."

Kwao tukaenda, tukapiga magoti. Halafu aliyevunja mkono akapewa usukani. Kila asubuhi Mogire aliendesha Mini mpaka Ndhiwa na kurudi, siku nyingine mpaka Homa Bay, ili mipira ilale, Maroa kando yake, mkono umefungwa plasta. Wiki mbili hawakusemezana. Ya tatu nikawasikia wakibishana kuhusu oili, nikaenda jikoni kulia kwa furaha.

Asubuhi ya harusi mama aliinama na nguo zake mpya, akaingiza vidole juu ya gurudumu. Vitatu vikaingia. Cha nne kikakataa.

"Ni gari la mume wangu," akasema, machozi yakimtoka.

Maroa akanishika kwa ule mkono, mwembamba bado kwa sababu ya plasta.

"Siku nyingine uniulize kwanza," akaninong'oneza.

"Nakuuliza sasa. Bado unanitaka?"

"Ingia kwa gari, mke wangu."