Jina Lililofutwa kwenye Maktaba ya Anastasio

Kwenye skrini, ujenzi wa maktaba ya msimbo wa kompyuta ulifika asilimia mia, kisha ukaendelea. Mia na moja. Mia na nne. Liduvina alikunja uso. Nje, jiji la Asunción liliwaka jua la saa nane mchana. Ndani, ofisi ilinuka mnanaa na udongo wa kaburi.

Maktaba hiyo, ya kuundia programu zinazopiga soga na wateja, aliiandika kaka yake Anastasio kabla hajafa, akaitoa bure kwa ulimwengu. Sharti lilikuwa moja tu: jina lake lisiondolewe. Asubuhi hiyo bosi, Don Wilfrido, alilifuta katika kila faili, akaweka lake.

"Cha bure hakina mwenyewe, binti," alimcheka.

"Kina adabu yake, Don! Umemwibia maiti."

"Ijenge, au fungasha vitu vyako."

Sasa ilikuwa imejengwa. Liduvina akaisakinisha, meno yameumana kwa hasira. Kabla hajagusa kibodi, programu iliandika: *Ni nani aliyenifuta?*

Wilfrido, aliyekuwa akitazama nyuma yake, akaiondoa, akaisakinisha upya. Swali likarudi. Akachomoa waya wa umeme, lakini skrini haikuzimika, bali mlio kama wa kucha zinazokwaruza mbao kwa ndani ulianza kwenye kompyuta ile, ukahamia ya pili, ukatambaa hadi chini ya meza ya Wilfrido, huku harufu ikizidi kuwa nzito hata wakaihisi ulimini, na swali likijaza skrini zote, mstari chini ya mstari, bila kikomo.

"Lidu," Wilfrido alinong'ona, "mlete yule mama wa mitishamba."

Mama huyo, Ña Celsa, aliyeuza mitishamba pale kona, alikuja lakini aliishia mlangoni.

"Hii ni póra, roho iliyodhulumiwa. Siingii mimi. Mrudishieni chake."

"Liandike jina lake, mwanangu," Wilfrido alimsihi Liduvina.

"Liandike mwenyewe! Kwani ulilifuta kwa mkono wa nani?"

Wilfrido akaliandika, faili baada ya faili. Liduvina akajenga upya. Asilimia mia; ikakoma. Harufu ikatoweka. Kucha zikanyamaza.

Simu ikalia. Mteja. Wilfrido akafuta jasho, akapokea.

"Ndiyo, habari za mchana. Unaongea na..."

Akamgeukia Liduvina kwa macho ya mtoto aliyepotea sokoni.

"Lidu," alinong'ona, "mimi naitwa nani?"

Liduvina alilijua. Akachukua mkoba wake, akatoka bila kulitaja.