Saba ya Kila Asubuhi

Baba yetu alikuwa fundi cherehani. Kila asubuhi, kabla ya chai na kabla ya kugusa kitambaa, alikaa kwenye kiti chake cha kazi akapima sukari. Alijichoma kidole, akagusisha tone la damu kwenye kijiti, kisha akakisogeza kipimo dirishani.

"Ngapi?" Mama aliuliza kutoka jikoni.

"Saba."

"Jana saba, leo saba. Laiti na wewe ungetulia hivyo."

"Mimi nilitulia siku ile niliyokuoa."

Tulicheka, naye akaanza kukanyaga cherehani.

Kipimo kile alipewa zahanati. Foleni ilikuwa ndefu, na muuguzi alimwonyesha haraka haraka. "Umeelewa, mzee?" Baba akajibu, "Nimeelewa." Hakuna aliyemwambia, hebu jaribu mwenyewe.

Siku moja alichelewa kuamka. Jua lilikuwa limeshapanda alipopima. Kipimo kikasema tisa.

"Umeona?" Mama alisema. "Ukichelewa kula, inapanda."

Sote tuliona ni kweli. Tangu siku hiyo baba hakuchelewa tena.

Lakini mwili wake ulisema mengine. Alimaliza jagi la maji kabla ya mchana. Usiku alitoka kukojoa mara nyingi. Akaanza kuniita nimtungie uzi kwenye sindano.

"Sindano za siku hizi zina matundu ya kuchongwa na sisimizi," alisema.

Mama hakucheka. "Unakunywa soda huko kwa wateja wako."

"Sijagusa soda."

"Basi kiu hii inatoka wapi?"

"Kipimo kinasema saba, mke wangu. Unabishana na mashine?"

Asubuhi moja nilikuwa nafagia vipande vya nguo chini ya cherehani. Nikaona damu kwenye kanyagio. Niliinua mguu wa baba. Pini ilikuwa imezama kwenye unyayo, imebaki kichwa tu.

"Baba, hukusikia maumivu?"

"Maumivu ya nini?"

Niliichomoa. Yeye aliendelea kukanyaga kama aliyetolewa uzi kwenye shati. Jambo hilo lilinitisha kuliko damu.

Mama alitaka twende hospitali siku ile ile. Baba alikataa.

"Kwa pini? Basi mafundi wote wangekuwa wamelazwa. Sukari yangu ni saba. Kidonda kitakauka."

Hakikukauka. Kilipanuka, kikawa cheusi, kikaanza kunuka. Baba alipokubali kwenda, tulimbeba.

Muuguzi wa hospitali alimpima. "Ishirini na sita," alisema.

"Mashine yenu mbovu," baba alisema. "Asubuhi nimepima mwenyewe. Saba."

Mama alimgeukia. "Kumbe siku zote ulikuwa unatudanganya."

"Sijamdanganya mtu."

Daktari aliukata mguu chini ya goti.

Siku zilizofuata zilikuwa nzito kuliko siku ya kukatwa. Mama alileta chakula, akakiweka, akageukia ukutani. Baba alikula kidogo. Alikuwa amepoteza mguu, na nyumbani kwake alikuwa mwongo. Usemi wake ulikuwa mmoja tu: "Mimi nilisoma saba." Mwishowe akaacha hata kuusema.

Ndipo alipokuja wodini dada mmoja. Kazi yake ilikuwa kuwaangalia watu wakitumia vifaa, aone vinawasaidia au vinawasumbua. Alikuwa anatafuta wagonjwa wenye kipimo kama cha baba.

Baba alikataa. "Niliishia darasa la nne. Nitafeli mbele za watu."

"Mzee wangu, hapa anayefanya mtihani ni kifaa," dada alisema. "Wewe ndiye msahihishaji."

Alimvisha miwani yenye kamera ndogo za kufuata macho. Akasema, "Pima kama unavyopima nyumbani. Usome kwa sauti." Kisha akasogea pembeni. Kijiti kikamponyoka baba, kikaanguka. Nilitaka kumsaidia. Dada alinikatalia kwa kichwa.

Baba alipima. "Tatu," alisema. Akashtuka. "Tatu? Imeshuka hivyo?"

Dada alifungua kompyuta. Tuliona picha ya kipimo kile, na doa jekundu linalotembea juu yake.

"Doa hili ni macho yako, mzee. Pale linaposimama, ndipo ulipotazama."

Doa lilikwenda juu, kwenye tarakimu kubwa ya kwanza. Likakaa hapo. Chini kulikuwa na tarakimu nyingine, ndogo na nyembamba: kumi na nne. Doa halikushuka hata mara moja.

Mama aliinama karibu. "Hiyo ya juu ni tatu na kumi," alisema. Kisha akainua macho kwenye saa ya ukutani. Ilikuwa saa tisa na dakika kumi mchana. Mshale mfupi ulikuwa kwenye tatu.

"Hiyo ni saa," Mama alisema polepole. "Baba watoto, ulikuwa unasoma saa."

Kipimo huandika saa moja asubuhi kama saba. Saba ilikuwa ni wakati wa kukaa kwenye kiti chake. Tisa ilikuwa saa tatu, siku aliyochelewa kuamka.

"Si wewe peke yako," dada alisema. "Nimewavisha miwani hii hata wauguzi. Macho yao pia huanza juu. Wenye macho mazima hushuka chini. Sukari ikishaharibu macho, mtu hubaki juu. Kifaa hiki kilitengenezwa kama vile atakayekitumia si mgonjwa."

"Watu hawakuulizwa kabla hakijagawiwa?" Mama aliuliza.

"Waliulizwa. Wakasema kinafaa. Mtu hapendi kuonekana mjinga, atasema ameelewa. Ndiyo maana hatuishii kuuliza. Tunaangalia."

"Mmeangalia mguu umeshakatwa."

Dada alifunga kompyuta. Alimvua baba miwani taratibu. Baadaye akatuambia, "Ukipewa kifaa cha afya, usiondoke kabla hujakitumia mbele ya aliyekupa. Msomee unachokiona. Ukikosea, hapo ndipo mahali pa kukosea. Na kifaa kikisema u mzima huku mwili unalalamika, nenda ukapimwe tena."

Mama alikaa ukingoni mwa kitanda. "Nilikuita mwongo."

"Hata mimi ningejiita," baba alisema.

Vipimo vilibadilishwa mwaka uliofuata. Saa imeondolewa. Sukari inaandikwa kwa tarakimu kubwa, peke yake. Pale zahanati muuguzi haulizi tena kama umeelewa. Anasema, "Haya, nionyeshe."

Jirani yetu muuza mkaa alipewa kipimo kipya. Siku ya kwanza alisoma kumi na nane, akarudi zahanati siku hiyo hiyo, akapata dawa mapema.

Sasa mimi ndiye ninayekanyaga cherehani, na baba anakata vitambaa. Hupima kila asubuhi. Tisa. Kumi na mbili. Nane. Zinapanda na kushuka, na mama hafanyi tena utani.

Muuza mkaa hupita mbele ya mlango wetu na mzigo wake. Humsalimia baba, na baba huitikia. Lakini hamtazami usoni. Macho yake hushuka moja kwa moja hadi kwenye miguu, yakaifuata yote miwili mpaka inapokata kona.