Tiki za Wiki Nzima

Kila siku ya likizo, saa mbili kamili asubuhi, wakati watoto wenzake bado wanagombania blanketi, Chapchap alikuwa amesimama mbele ya makopo sitini yaliyopandwa maharagwe, amenuna. Maharagwe yenyewe hata hayaliwi! Hayachumwi, hayapikwi, hayauzwi. Yalikaa tu ndani ya banda la nailoni, nyuma ya jengo la idara ya mimea, yakidekezwa kama mtoto wa mwisho.

Jina la Chapchap alipewa na mama yake, na halikuwa la kumsifu. Vyombo aliosha chapchap, mafuta yakabaki. Hesabu alifanya chapchap, zikarudi zimejaa wino mwekundu. Alikuwa na miaka kumi na miwili na wala hakuwa mvivu. Shida yake ilikuwa moja: kila kazi aliyopewa, alitaka iwe imekwisha kabla hajaianza.

Mama yake alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, na utafiti wake ulihusu mimea na bakteria wanaoishi kwenye mizizi. Likizo ile msaidizi wake alikuwa amekwenda masomoni, ndipo akamwomba binti yake amsaidie kumwagilia.

"Nisikilize vizuri, nitasema mara moja tu," mama alimwambia siku ya kwanza, kisha akasema mara tano. "Udongo wote huu umepikwa kwa mvuke mpaka kila kijidudu kikafa. Mstari wa kulia, makopo thelathini, nimetia bakteria. Wanaingia kwenye mizizi, wanatengeneza vinundu vidogo, na humo wanachukua hewa na kuigeuza iwe chakula cha mmea. Mstari wa kushoto sijatia kitu. Huo utadhoofika na kuwa wa manjano."

"Sasa si uutie na wenyewe, mama? Unauonea bure."

"Nikiutia, nitajuaje kama ni bakteria waliosaidia? Mkulima asiyeweza kununua mbolea akija kuniuliza, nimjibu kwamba nahisi-hisi?"

Chapchap akainua mabega. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Unatumbukiza kidole kwenye udongo kupima unyevu, unamwagilia, halafu unakifuta kidole kwa pamba yenye spiriti kabla ya kwenda kopo la pili. Uanze na mstari wa kushoto, umalizie na wa kulia. Ukimaliza, unapiga tiki kwenye daftari, penye safu iliyoandikwa "Mikono imesafishwa."

"Kila kopo, mama? Mara sitini?"

"Mara sitini."

"Kila siku?"

"Hebu nitolee balaa, mtoto wewe! Ndiyo, kila siku!"

Wiki ya kwanza alifanya kama alivyoambiwa, huku akilalamika peke yake. Spiriti ilimkausha ngozi, na pale alipojikwaruza na mkasi ilimchoma hadi machozi. Mara sitini! Kilichomfariji kidogo ni Babu Mvuke.

Babu Mvuke alikuwa fundi wa maabara, na wanafunzi ndio waliompa jina hilo, kwa sababu kazi yake kubwa ilikuwa kupika udongo. Alikuwa na chumba chake chenye jiko la mvuke la chuma, mlango wake mzito wenye komeo la kuzungusha. Alipika udongo miaka ishirini na minane, na kila aliyeingia alimwambia maneno yaleyale: "Udongo wangu unaiva. Ukikuta kijidudu hai humo, mimi nitaula." Mwaka mmoja ulikuwa umebaki astaafu. Kila Chapchap alipopita mlangoni kwake alimgawia karanga kiganjani na kumuuliza, "Haya mjukuu wangu, wagonjwa wako wameamkaje leo?"

Wiki ya pili Chapchap akachoka. Kwanza akaona kwamba bomba la maji liko upande wa kulia, sasa kwa nini aanzie kushoto na kubeba jagi zito banda zima? Akaanzia kulia. Kisha akaona kwamba kidole kinaonekana kisafi tu, spiriti ya nini? Bakteria gani hao wasioonekana? Akatumbukiza kidole kopo la kwanza, la pili, la tatu, mpaka la sitini, akakifuta mara moja tu kwenye sketi yake. Kazi ya saa nzima na zaidi ikamalizika kwa dakika ishirini, akaenda zake kucheza mpira.

Jumatatu ya wiki ya tatu akaona hata zile tiki zinamchelewesha. Akafungua daftari, akapiga za Jumatatu, Jumanne, Jumatano, mpaka Jumapili, zote kwa mkupuo mmoja. Basi. Jioni mama alipitisha macho juujuu kwenye ukurasa, bila kutazama siku, akaona tiki zipo, akaridhika na kuendelea na kazi zake.

Wiki ya nne, kopo namba tisa la mstari wa kushoto likaanza kuwa kijani. Kesho yake la kumi na nne. Ilipofika Ijumaa, nusu ya yale maharagwe manyonge yalikuwa yamesimama kwa fahari, majani yamenawiri. Chapchap alifurahi kweli. Alikimbia mpaka ofisini kwa mama yake.

"Mama! Mama! Wagonjwa wamepona!"

Mama hakufurahi. Aliingia bandani, akang'oa mche wa kopo namba tisa, akausuuza mizizi kwenye ndoo. Ilikuwa imejaa vinundu vidogo kama punje za mtama. Alikipasua kimoja kwa ukucha, na ndani kilikuwa na wekundu hafifu.

"Rangi hii maana yake bakteria wamo, na wanafanya kazi," alisema polepole. "Wamefikaje huku? Jumatatu ijayo wageni wanakuja kuangalia matokeo. Nitawaonyesha nini mimi? Mistari miwili ya kijani?"

Chapchap akakitazama kidole chake. Akakificha nyuma ya mgongo.

Saa tano walikutana ofisini: mama, mkuu wa idara na Babu Mvuke. Chapchap alikuwa mezani pembeni akipanga lebo za makopo, na masikio yalimsimama.

"Bakteria hawana miguu, jamani," alisema mkuu wa idara, mtu mwenye haraka na sauti kubwa. "Wamepitia mikononi au walikuwamo kwenye udongo tangu mwanzo. Hakuna njia ya tatu. Lete daftari."

Akafungua, akapitisha kidole kwenye safu. "Tiki, tiki, tiki, tiki. Hakuna siku iliyorukwa. Basi si mikono." Akamgeukia fundi. "Mzee, udongo haukuiva."

"Nilipika saa moja na nusu," alisema Babu Mvuke. "Mara mbili, kama siku zote."

"Una hakika kipimo cha joto ulikisoma sawasawa?"

Babu Mvuke akafungua mdomo kujibu kwa ule ukali wake wa kawaida, kisha akaufunga. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti.

"Macho siku hizi yananisumbua," alisema hatimaye. "Labda nilikosea. Labda."

"Ndiyo hivyo. Kuanzia Jumatatu mwingine atapika udongo. Wewe utakaa stoo mpaka ustaafu. Barua nitaiandika leo mchana."

"Tungengoja kidogo, mkuu," mama alisema. "Sijawahi kuona udongo wake ukiharibika."

"Tungoje nini? Daftari si hili hapa?"

Lebo zilimwanguka Chapchap mikononi, zikatawanyika sakafuni. Akainama kuziokota, na alishukuru kwamba hakuna aliyemwona uso. Akisema sasa hivi, mbele ya mkuu wa idara, mama atamfanya nini? Asiposema, Babu ataenda stoo kuhesabu chupa. Aliziokota lebo moja moja, kwa mara ya kwanza maishani bila haraka yoyote.

Alipotoka alimkuta Babu Mvuke kwenye chumba chake. Alikuwa amewasha jiko tupu, amesimama mbele ya kipimo, pua inakaribia kugusa kioo.

"Afadhali umekuja, mjukuu," alisema. "Wewe una macho mapya. Hebu nisomee hapo. Si nyuzi mia moja na ishirini na moja hizo, joto la kuivisha udongo?"

Chapchap akasoma. "Ndiyo, Babu. Mia moja na ishirini na moja."

"Na mimi naona hivyohivyo." Akakuna kichwa. "Tangu saa ile nakisoma na kukirudia. Sasa nilikosea wapi? Hebu niambie, nilikosea wapi mimi?"

Mtoto akashindwa. Machozi yakamtoka kabla ya maneno.

"Hukukosea, Babu. Ni mimi. Sikufuta kidole. Nilianzia kulia kwenye bakteria, nikatumbukiza makopo yote. Na zile tiki nilizipiga za wiki nzima siku ya Jumatatu."

Chapchap alingoja kofi, au angalau kelele. Mzee akazima jiko, akaning'iniza koti.

"Usiniambie mimi," alisema. "Mimi sina barua ya kuandika. Twende kwa wenye barua."

"Naogopa, Babu."

"Hata mimi niliogopa nilipoitwa pale. Twende."

Wakarudi ofisini. Chapchap alisema yote, kuanzia bomba la maji mpaka sketi, sauti ikimkatika. Mkuu wa idara aliweka kalamu chini. Mama alikuwa amesimama, na hasira ikampanda waziwazi.

"Wiki nne!" alisema. "Makopo sitini! Wageni Jumatatu! Nilisema mara ngapi, Chapchap? Mara ngapi?"

"Mara tano, mama."

"Tena unahesabu!" Akakaa, akashika kichwa. Kisha akalivuta daftari, akalitazama upya. Tiki saba zilikuwa zimelala upande mmoja, wino uleule, umbali uleule, kama zimepigwa na mashine. Hasira ikamtoka sautini, na sauti iliyobaki ilikuwa mbaya zaidi kuisikia.

"Na mimi kila jioni nilikuwa naziangalia hizi," alisema. "Nikawa najisemea, mwanangu amekua."

Chapchap akazikazia macho zile tiki. Bora angepigwa.

"Ungekuja siku ileile," mama aliendelea, "ukaniambia, mama nimechoka, leo sikufuta kidole, ningefoka, ndiyo, unanijua. Kisha tungeyatupa yaliyoharibika tukaanza upya mapema. Kidole kichafu ni kosa la kawaida, hata mimi nimewahi kulifanya. Lakini daftari hili tulilisoma sote, tukaliamini, likatufanya tumtuhumu mtu asiye na kosa. Mpaka na yeye mwenyewe akaanza kuyatilia shaka macho yake."

Mkuu wa idara akainuka. Sauti yake kubwa ilikuwa imepungua sana.

"Mzee, naomba radhi. Nilisoma daftari, sikusikiliza mtu. Barua hakuna."

"Nimesikia," alisema Babu Mvuke. Kisha akaongeza, "Lakini uso uliniwaka, mkuu, nisikufiche."

Jumatatu mama aliwapokea wageni, akawaonyesha mistari miwili ya kijani na kuwaeleza sababu bila kuficha. Mmoja wao alikunja uso, akaandika kitu. Wakakubali kurudi baada ya miezi miwili. Jioni ile makopo yote sitini yakamwagwa, na Babu Mvuke akapika udongo upya, mara tatu safari hii, maana alisema hataki maneno.

"Na nani atamwagilia?" Chapchap aliuliza kwa woga.

"Nani mwingine?" mama alijibu. "Shule ikifungua, utapitia hapa kila jioni."

Basi kila jioni Chapchap alipitia bandani, begi mgongoni, miguu imechoka. Kidole, maji, spiriti. Alianzia kushoto. Alilalamika, msidhani aligeuka malaika. Siku ya mvua alilalamika mpaka Babu Mvuke akamwomba amwonee huruma angalau yeye. Lakini tiki alipiga moja moja, na siku ya kumi na moja, penye safu ya mikono, hakukuwa na tiki. Aliandika: "Kopo namba 41 nilisahau kufuta. Nilikumbuka nilipofika 43." Mama aliposoma alishusha pumzi ndefu, akayatenga makopo mawili yaliyofuata, wala hakufoka.

Wiki ya nne Chapchap alifungua mlango wa banda, akasimama. Kisha akapiga kelele zilizowatoa watu ofisini.

"Mama! Babu! Yamekuwa ya manjano!"

Mama alikuja mbio. Babu Mvuke alikuja nyuma yake akichechemea. Mstari wa kulia ulikuwa kijani kibichi. Mstari wa kushoto, makopo thelathini, ulikuwa umenyong'onyea, majani ya manjano, mashina membamba, hali mbaya kabisa. Watu watatu wakaukumbatia kwa macho, wanacheka kama waliopata mtoto.

"Ya manjano kabisa!" alisema mama, machozi yakimlenga. "Hebu ona yalivyo mabaya!"

"Nilisema mimi," alisema Babu Mvuke, kifua mbele. "Udongo wangu unaiva."

Mama akachukua daftari, akafungua ukurasa wa siku ya kumi na moja, akauweka mbele ya binti yake.

"Wageni wakirudi nitawaonyesha maharagwe," alisema, "na nitawaonyesha na mstari huu. Maana ukiandika ukweli hata pale ulipokosea, mtu ataziamini na zile tiki nyingine zote. Ukidanganya moja, hata za kweli hazina kazi tena. Umenielewa, mwanangu?"

"Nimekuelewa, mama."

"Haya. Bado hujamwagilia leo."

Chapchap akaguna, akakunja mikono ya shati, akachukua pamba na chupa ya spiriti, akaenda kusimama mbele ya kopo la kwanza upande wa kushoto.